Saini ya Mama Sifuri

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, muuguzi wetu wa dirisha la kuandikisha atafunga daftari lake, atavua kandambili za kazini, atavaa viatu vyake vya kutokea, na atakuwa amekitumikia kituo hiki cha afya kwa miaka thelathini na minne na miezi mitano. Wanaolijua jina lake la kwenye faili wanahesabika. Kituo kizima, na mitaa inayokizunguka, humwita Mama Sifuri. Hata barua yake ya kustaafu ilipoletwa, tarishi aliizungusha vyumba vitatu akiulizia jina la kwenye bahasha, na kila aliyeulizwa alisema huyo mtu hayupo hapa, labda alihamishwa.

Katibu wa kamati ya hafla amenikabidhi kazi ya kuandika wasifu huu. Alinipa masharti matatu: uwe mchangamfu, usizidi kurasa za programu, na umalizike kwa shukrani. Nimechaguliwa mimi kwa sababu ndimi mkuu wa kituo, na kwa sababu mama huyu ndiye aliyenilea kikazi tangu nilipokuja hapa nikiwa mwanafunzi wa kujitolea, sijui hata kushika kipimajoto. Yote mawili ni kweli. Uchangamfu nitajitahidi, maana ya kuchekesha yapo tele. Lakini wasifu wa namna hii mara nyingi huwa kilemba cha ukoka: unavishwa saa nane, saa kumi kimeshanyauka. Mama Sifuri amekaa miaka kumi na minne na jambo zito lisilo lake, na mwenye jambo hilo ndiye anayeandika hapa. Kwa hiyo nitaandika la kuchekesha na la kuliza, na katibu atanisamehe.

Aliajiriwa akiwa binti wa miaka ishirini na mitano, muuguzi wa daraja la chini. Kituo wakati huo kilikuwa vyumba vinne, choo kimoja, na benchi lililotolewa na shule ya jirani, lenye majina ya wanafunzi yaliyochongwa kwa bikari. Baada ya miaka miwili akakabidhiwa kliniki ya watoto, Jumanne na Alhamisi. Mizani ilikuwa ile ya kuning'iniza: uso wa duara kama saa ya ukutani, mshale mmoja, na chini yake ndoano ya kutundikia kaptula ya turubai ambamo mtoto huingizwa miguu na kuachwa akirusha mateke hewani. Kaptula ikilowa, huongeza uzito. Mshale usiporudishwa nyuma, mtoto anapewa gramu zisizo zake. Basi mama huyu aliweka sheria yake. Kabla ya kila mtoto, si kila asubuhi, kila mtoto, kaptula tupu inatundikwa, mshale unarudishwa, na mpimaji anatamka kwa sauti: "Sifuri!" Mama wa mtoto lazima atazame mshale kwa macho yake. Asipotazama, mtoto hapimwi. Ukiwa na watoto sitini, unasikia sifuri sitini. Majirani wa upande wa pili wa ukuta walisema hawahitaji saa, siku za kliniki wanaamshwa na sifuri. Jina likamganda hapo.

Sheria yake ya pili ilikuwa chupa. Kila asubuhi ya kliniki, kabla ya mtoto yeyote, ilipimwa chupa ya plastiki iliyojazwa maji lita mbili kamili. Inavishwa kaptula, inaning'inizwa, na mshale ukisimama kwenye kilo mbili kazi inaanza. Usiposimama hapo, hakuna kliniki mpaka fundi aje. Mwaka mmoja kabla yangu alikuwepo mwanafunzi mwingine wa kujitolea, mtiifu kupita kiasi, ambaye aliambiwa aandike daftarini kila kinachopimwa. Akaiandika na chupa. Akaipa na jina na tarehe ya kuzaliwa. Miezi kumi na mmoja baadaye ikaja barua kutoka ofisi ya juu, ina muhuri na nakala kwa watu wanne, ikiuliza ni kwa nini kituo hiki kina mtoto ambaye tangu azaliwe hajaongezeka hata gramu moja, na ni hatua gani zimechukuliwa. Mama Sifuri alijibu kwa maandishi kwamba mtoto huyo hana tatizo lolote, ila anakunywa maji tu. Nakala ya jibu hilo ninayo, na Ijumaa itasomwa. Nawaomba tu mkishacheka muikumbuke chupa hiyo.

Mimi nilikuja miaka kumi na mitano iliyopita. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza sekondari, nasubiri kuingia chuo cha udaktari. Chuo kilidai barua ya kuthibitisha kwamba mwombaji amejitolea mwaka mmoja katika huduma za afya za jamii. Tusidanganyane: nilikuja kutafuta barua. Nilifika nimevaa koti jeupe la kuazima kwa mjomba, na mjomba ni muuza nyama. Mama Sifuri alilizunguka lile koti, akalikagua, akauliza doa la mfukoni ni la mgonjwa gani. Nikasema ni la mbuzi. Akaniambia nilitundike kwenye msumari, akanipa beseni, sabuni na kaptula sita za mizani nizifue. Nilifua kaptula wiki tatu. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wakinipigia simu kuniuliza nimeshaona upasuaji mara ngapi.

Lakini alinifundisha, jamani, acheni tu. Mchana tulikwenda majumbani, mimi nimebeba mkoba, yeye mbele na mwavuli. Alinifundisha kwamba unasalimia kwanza na unakaa pale unapopewa, hata kama ni juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alinifundisha kutouliza kama mtoto anakula vizuri, kwa sababu duniani hakuna mtoto wa mtu asiyekula vizuri. Uliza jana alikula nini, saa ngapi, na nani alimlisha. Alinifundisha kunyamaza. Nilikuwa na mdomo wa mwanafunzi aliyefaulu, nikitoa mhadhara wa vitamini kwa mama aliyekuwa hajalala siku mbili, na yeye alinikanyaga mguu chini ya meza mpaka nikajifunza. Kufikia mwezi wa sita nilikuwa mtu mwingine. Nilijua majina ya watoto wa mitaa mitatu. Akina mama waliniita Dokta, nami nilijifanya nawakataza huku moyoni naona raha. Nilikuwa mwepesi wa kucheka nao, mwepesi wa kuwaonea huruma. Nilipenda kupendwa, na hilo hakuna aliyenikanyaga mguu kwa ajili yake.

Sasa nieleze kadi, kwa ajili ya wageni wasioijua. Ndani ya kadi ya mtoto pana mchoro wenye rangi. Kila mwezi unatia nukta moja ya kalamu penye uzito wake. Nukta ikiwa kwenye kijani, mama anaambiwa hongera, tuonane mwezi ujao. Ikianguka kwenye nyekundu, mtoto anapewa unga wa lishe, anaonwa na daktari, na wiki hiyo hiyo tunamfuata nyumbani. Mimi nilipima na kutia nukta. Mwisho wa foleni alikaa Mama Sifuri kwenye kiti cha mbao. Alimtazama mtoto, akatazama nukta, ndipo akatia saini. Bila saini yake nukta haikuwa kitu.

Alikuja mama mmoja kijana, mke wa fundi viatu, na mtoto wake wa kike wa miezi saba. Alikuja na mama mkwe wake, ambaye alikuwa na wajukuu tisa na kadi zao zote alizijua. Siku hiyo nukta ilianguka kwenye nyekundu, nikaitia ilipostahili. Mama mkwe akaichukua kadi, akaiinua mbele ya foleni nzima, akasema katika nyumba yake haijawahi kuingia kadi nyekundu, na akauliza kwa sauti kama maziwa ya mkwewe ni maziwa au maji ya kuoshea vyombo. Watu wakacheka kile kicheko cha mtu anayeshukuru kwamba si yeye. Yule mama kijana, binti mwenyewe bado, alilia hadi akashindwa kumfunga mtoto mgongoni. Nilimfungia mimi. Unga aliopewa siku hiyo, baadaye nilisikia, mama mkwe aliurudisha mwenyewe dirishani, eti nyumbani kwake hawali vya msaada. Nasi tulipokwenda kuwatembelea tuliambiwa hawapo, na sauti iliyotuambia hivyo ilitoka ndani.

Mwezi uliofuata mama mkwe alikaa kwenye benchi la nje. Nilitamka sifuri. Binti akautazama mshale, kama sheria ilivyo. Nikampima mtoto, alikuwa amepungua. Binti akaniinamia akanong'ona, "Dokta, nipandishie kidogo tu. Nikitoka na nyekundu leo, sina pa kukaa." Nami nikaipandisha. Si sana, upana wa ukucha, ikakaa juu tu ya mstari. Mama mkwe alipoiona kadi akaguna, akampokea mjukuu, wakaondoka wote watatu kama familia. Nilijiona mwema. Nawaambia ukweli wangu wote: nilikwenda nyumbani siku hiyo nikitembea kwa madaha.

Uzito wa uongo ukishaandikwa unakudai mwingine. Mwezi wa tatu mtoto alikuwa amepungua tena, na nukta ya uongo haikuweza kushuka bila kuiumbua ile ya kwanza. Nikaandika kilo sita na mia saba, kijani kibichi. Na ule ulikuwa msimu wa chanjo ya surua. Foleni ilifika watoto mia na ishirini, benchi zimejaa, watu wamekaa mpaka kwenye ngazi. Mama Sifuri, ambaye hakuwahi kusaini kadi bila kumwona mtoto, aliniambia nimkusanyie kadi kumi kumi azisaini kwa pamoja, ili akina mama wasilale pale. Aliniambia, "Wewe nakuamini." Akasaini. Kadi ya yule mtoto ilikuwa katikati ya kumi hizo.

Siku nne baadaye, asubuhi, binti alikuja mbio, peke yake, mtoto anapumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani. Mama Sifuri alimpokea. Dawa hupimwa kwa uzito, kwa hiyo hata katika kishindo kile alitundika kaptula tupu, akarudisha mshale, akatamka sifuri, ila safari hii kwa sauti ndogo. Mimi nilishika kaptula. Mshale ulisimama kwenye kilo tano na gramu mia tisa. Akausoma, akachukua kadi mkononi mwa mama, akaifungua, akaiona kilo sita na mia saba ya siku nne nyuma. Kisha akanitazama mimi. Alipiga hesabu ya dawa, akachoma sindano, akatafuta gari la hospitali. Mtoto alifariki kesho yake mchana. Palipoandikwa sababu, iliandikwa homa ya mapafu, na ni kweli ilikuwa homa ya mapafu. Ila mtoto mwenye mwili ana cha kupigania, na yule hakuwa nacho, na miezi miwili ambayo tungeweza kumpa niliificha mimi chini ya nukta. Chupa ya maji isiyokua iliandikiwa barua yenye nakala nne. Mtoto wa watu hakuandikiwa hata mstari, kwa sababu kwenye karatasi alikuwa anakua vizuri.

Kamati ilitumwa, watu watatu, wakakaa chumba cha mikutano. Mimi nilikaa nje kwenye lile benchi la shule. Barua yangu ya kukubaliwa chuoni ilikuwa imefika wiki hiyo hiyo. Ilikuwa mfukoni, nimeikunja mara nne. Mlango haukufungwa vizuri, nikasikia yote. Waliuliza nani anawajibika kwa kadi ile. Akajibu, "Kadi ina saini moja, na saini ni yangu. Nilisaini bila kumwona mtoto." Wakauliza tofauti ile ya uzito imetoka wapi. Mmoja wao akajijibu mwenyewe: ni wazi mizani haikurudishwa sifuri. Akamuuliza kama ni hivyo. Wenzangu, huyo mama angesema tu kwamba mizani ilirudishwa, swali lililofuata lingekuwa la kalamu, na kalamu ilikuwa yangu. Uongo hakuuweza. Akanyamaza. Wakaandika kwamba amekiri.

Hilo ndilo lililoko kwenye faili lake mpaka leo, nalinukuu kama lilivyo: "Alizembea kurudisha mizani kwenye sifuri." Mama Sifuri! Mtu aliyetamka neno hilo mara sitini kwa siku, akachekwa kwa ajili yake, akaitwa kwa ajili yake. Alipewa karipio, akaondolewa kliniki ya watoto, akawekwa dirisha la kuandikisha, na akakatazwa kuandika chochote ndani ya kadi ya mtoto. Ruhusa yake ikaishia kwenye jalada: jina, tarehe ya kuzaliwa, mtaa. Huko nje jina likageuka dhihaka. Yule mama mkwe alihakikisha. Mpaka mwaka huu alikuwa akifika dirishani na kitukuu chake, akimkuta yeye, anasimama pembeni kungoja karani mwingine, na anasema kwa nini, kwa sauti ya kusikika.

Siku niliyoondoka alinipa barua yangu ya kujitolea, ameiandika mwenyewe, kurasa mbili, ina muhuri. Sikuweza kumtazama. Nilianza kusema kitu, akanikata. Alisema niende nikasome, nikimaliza nirudi hapa hapa, si kwingine. Na kitu cha mwisho alichoniambia kilikuwa, "Usimhurumie mtu kwa kalamu." Nilikwenda nikasoma. Nilifaulu sana. Katika kila mtihani wa afya ya watoto nilipata alama za juu, na kila mara nikirudi bwenini nilikuwa nikiona kinyaa kujipongeza.

Miaka saba iliyopita nilirudi, kama alivyotaka. Miaka mitatu iliyopita nikafanywa mkuu wa kituo, na ufunguo wa kabati la mafaili ukawa wangu. Kila asubuhi napita dirishani kwake. Namwambia, "Shikamoo, Mama." Ananijibu, "Marahaba, Mwanafunzi." Mbele ya wafanyakazi wote, mbele ya wageni kutoka ofisi ya juu, mbele ya mke wangu: Mwanafunzi. Wafanyakazi hudhani ni utani wake na hucheka. Mimi najua ni cheo changu halisi, na kwamba anangoja nihitimu. Miaka mitatu nilikuwa na ufunguo wa faili lile mfukoni. Kila mwaka nilijiambia mwaka ujao, nikishaimarika. Mwaka ukija, nina la kupoteza zaidi ya mwaka uliopita. Huo ni woga, sina jina jingine la kuuita.

Na yeye, alifanya nini pale dirishani? Mnaofanya kazi naye mnakijua kikaratasi. Kwa kuwa amekatazwa kuandika ndani ya kadi, kila mama akija humwomba amnyanyue mtoto pale dirishani, eti amwone anayemwandika jina. Akimwona mtoto ambaye jicho lake halimkubali, huchukua kikaratasi kidogo, huandika maneno mawili, "Mtazame huyu," na hukibana kwa pini nje ya kadi. Nje, si ndani. Hajawahi kuivunja amri hata kwa herufi moja. Mwaka jana tulivikusanya vikaratasi vyake: mia na kumi na saba. Katika hao, tisini na wanne tuliwakuta kweli wanahitaji msaada. Mizani yetu sasa ni ya umeme, inajirudisha sifuri yenyewe, na bado wauguzi wakiona pini wanampima mtoto mara mbili. Watoto hao wanatembea mitaani leo, wengine wamekwenda shule, na hakuna hata mmoja ambaye kadi yake inaonyesha kwamba mama huyu alimgusa.

Wiki tatu zilizopita, tarehe ya kustaafu ilipobandikwa ukutani, nilipiga moyo konde nikaenda kwa yule mama wa mtoto. Siku hizi ni fundi cherehani, ana watoto wawili wakubwa. Nilimweleza yote nimesimama, kwa sababu sikustahili kukaa. Hakuacha kushona mpaka alipomaliza pindo lake nami maneno yangu. Akasema, "Lakini mimi ndiye niliyekuomba." Alisema yeye aliidhani ile nukta ni kama alama za shule, ya kumfurahisha mkubwa, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nukta nyekundu ndiyo inayoleta unga na daktari. Mwaka mzima nilitia nukta kwenye kadi za watu na sikuwaeleza ni za nini! Na akasema jambo jingine. Alisema mizani ilikuwa sawa, anajua, kwa sababu aliambiwa atazame mshale na akautazama, kila mara, ulikuwa kwenye sifuri. Alijua tangu siku ile. Aliogopa mama mkwe, kwa hiyo akanyamaza, na kwa miaka kumi na minne amekuwa akipita pale dirishani bila kunyanyua uso. Simlaumu, na mtu asimlaumu. Yeye aliomba aibu imwondokee. Mwenye kalamu nilikuwa mimi. Kadi ya mtoto ameitunza. Amesema Ijumaa atakuja nayo, na atakaa viti vya mbele.

Jumatatu nimepeleka barua ofisi ya juu. Nimeandika nilichofanya, nimeomba karipio liondolewe kwenye faili la mama huyu na lipelekwe linakostahili. Kama Ijumaa nitakuwa bado mkuu wa kituo, sijui. Katibu wa kamati alipoisoma rasimu hii alishika kichwa. Alisema hii ni hafla, si mahakama, na kwamba zawadi ni saa ya ukutani, watu watakuja kula na kupiga makofi. Nikamwambia watapiga makofi baada ya kusoma.

Kwa desturi yetu mstaafu hupewa rasimu ahakiki tarehe. Nilimpelekea jana asubuhi nikaondoka haraka. Saa nzima nilizunguka ofisini nikiwaza: atafuta sehemu ile, atakasirika, atalia, labda atanishukuru. Loo, nilikuwa bado nataka kupendwa. Aliirudisha kwa mkono wake, akaiweka mezani, akarudi dirishani kwake kuna watu wanangoja. Alikuwa amesahihisha mambo mawili. Kwanza, mabenchi ya shule yalikuwa mawili, si moja. Pili, pale nilipoandika uzito wa mtoto asubuhi ile ya mwisho, kilo tano na gramu mia tisa, alikuwa ameikata "mia tisa" kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika "mia sita", na pembeni maneno mawili: "Bado unapandisha."

Nilishuka stoo ya kumbukumbu nikalitafuta daftari la wagonjwa wa dharura la mwaka ule. Lipo, na mwandiko ni wake: kilo tano na mia sita. Naapa sikukusudia. Nilikaa kuandika ukweli, nimeuweka moyo wangu mezani, na mkono ukampandisha yule mtoto gramu mia tatu bila kuniuliza. Pale juu sikurekebisha. Nimeliacha kosa kama nilivyoliandika, kila mtu alione.

Mama, kituo kizima kinakushukuru kwa miaka thelathini na minne na miezi mitano, kwa sifuri zote ulizotamka na kwa pini zote ulizobana. Nenda ukapumzike, ulale mpaka jua liwake, na watoto wa mtaa wako wakusalimie kwa jina lako bila mtu kucheka. Tunakuombea afya, amani na siku ndefu. Mimi sikuombi msamaha hapa mbele ya watu, maana hapo ungelazimika kunijibu kwa adabu. Naandika tu kile ambacho kilitakiwa kuandikwa kwenye kadi ile. Mizani ilikuwa kwenye sifuri. Uzito wa mtoto ulikuwa kilo tano na gramu mia sita. Saini ni yangu.